Saa sita na kilima kilekile: namna ya kukimbia mbio za muda kwenye mzunguko wa milimani

Mbio tulizozizoea hukupa umbali, kisha hukuuliza utautumia muda gani. Kilomita 21, kilomita 42, kama wanavyokimbia watu Moshi kila mwaka. Mbio za muda zimegeuza swali. Unapewa saa 3, 6, 12 au 24, unaonyeshwa mzunguko, na mwenye raundi nyingi honi inapolia ndiye mshindi. Mzunguko huo ukiwa wa milimani, kile kilima ulichokipanda alfajiri ukiwa na pumzi zako zote utakipanda tena saa nne ukiwa mtu mwingine kabisa.

Nimeshakimbia za saa sita mara kadhaa, na nimesimama pembeni kuwahudumia wengine mara nyingi kuliko hizo. Jambo moja nimeliona likijirudia: raundi nyingi hupotea mezani. Mtu anapanda vizuri, anateremka vizuri, halafu akifika kwenye meza yake ya vyakula anasimama, anatafuta chumvi, anasimulia kilichompata msituni, anakaa kidogo. Mwongozo huu ni wa mtu anayejiandaa kwa saa sita zake za kwanza, na karibu kila hatua humu inarudi palepale: endelea kwenda.

Mfano nitakaoutumia ni mzunguko tunaoukimbia sisi wenyewe, kundi dogo la marafiki, milimani juu ya mji wa Lushoto. Raundi moja ni kilomita 5, na ndani yake kuna mita 180 za kupanda. Udongo mwekundu, kipande cha mikaratusi, kipande cha msitu ambako mbega hututazama kutoka juu, halafu vijia vya wakulima kati ya mashamba ya mahindi na kabichi. Tunaanza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 6 mchana. Saa za Kiswahili zimekaa vizuri mno kwa mbio hizi, kwa sababu siku inaanza kuhesabu pamoja nawe: ikigonga saa tatu umekuwa njiani saa tatu, ikigonga saa tano imebaki moja. Akili ikishachoka, hesabu isiyohitaji kufikiri ni msaada mkubwa.

Hatua ya 1: Ijue sheria kabla ya kukijua kilima

Siku unapojiandikisha, waulize waandaaji maswali machache na upate majibu yaliyoandikwa.

La kwanza na kubwa: raundi isiyokamilika inahesabiwaje? Kuna mbio zinazohesabu raundi kamili tu. Ukiwa umebakiza mita 100 na honi ikalia, raundi hiyo haipo. Kwingine wanapima mpaka pale ulipofika. Kwingine ukishaianza kabla ya honi unaruhusiwa kuimaliza. Sheria hizi tatu zinataka mipango mitatu tofauti kabisa ya saa ya mwisho, na nimeona watu wakiigundua sheria saa tano na nusu, wakiwa kileleni.

La pili, watu wawili wakilingana raundi inakuwaje? Kwa kawaida anatangulia aliyeikamilisha raundi yake ya mwisho mapema zaidi. La tatu, unaruhusiwa kuweka meza yako na msaidizi wako, na fimbo za kutembelea zinaruhusiwa? La nne, nani anahesabu: kifaa kilichofungwa mguuni, au mtu mwenye daftari?

Akiwa ni mtu mwenye daftari, mheshimu na umsaidie. Taja namba yako ya kifuani kwa sauti kila unapopita na usiondoke kabla hajakuitikia. Katika mbio moja niliandikiwa raundi sita wakati nimekimbia saba, kwa sababu mwandishi aligeuka kupokea kikombe cha chai sekunde ileile niliyopita. Kilichoniokoa ni saa yangu ya mkononi, iliyokuwa imehifadhi muda wa kila raundi. Kama huna saa ya namna hiyo, anza na punje kumi za mahindi kwenye mfuko wa kulia, na kila raundi hamisha moja kwenda kushoto. Saa ya tano kichwa kinaweza kukuambia chochote. Punje zitakuambia ukweli.

Usizichanganye mbio hizi na ile aina aliyoianzisha Mmarekani Gary Cantrell kule Tennessee, ambayo kila saa kamili wote huanza pamoja mzunguko wa mita 6,706 na anayebaki peke yake ndiye mshindi. Kule ukimaliza mapema unajipatia mapumziko mpaka saa inayofuata. Huku dakika uliyopumzika umeshaitoa kwenye saa sita zako.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya raundi na uiandike

Kwanza pima uzito wa mzunguko wenyewe. Wakimbiaji wa milimani wana kanuni nyepesi: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita 1 ya ziada. Kilomita 5 zenye mita 180 za kupanda zinakuwa kama 6.8. Ndiyo maana anayemaliza kilomita 5 za lami kwa dakika 28 asipange dakika 30 huku.

Sasa mchukue mkimbiaji wa kawaida, anayemaliza nusu marathoni kwa kama saa mbili na dakika kumi. Kwa mwendo anaoweza kuushikilia saa zote sita, tuseme raundi ya mzunguko huu inamchukua wastani wa dakika 42. Saa sita ni dakika 360. Raundi 8 zinakula dakika 336, zinabaki 24. Kati ya raundi 8 anapita mezani mara 7. Akitumia dakika 3 kila anapopita, hizo ni 21, na raundi ya nane inaingia dakika 3 kabla ya honi. Akitumia dakika 6, hizo ni 42, na jumla inafika 378. Raundi ya nane imepotea wakati miguu ilikuwa nayo. Dakika 3 za ziada, muda wa kupeana habari na kuchagua ndizi iliyoiva, zimemgharimu kilomita 5 nzima.

Rudia hesabu hii kwa namba zako mwenyewe, kwenye karatasi, usiku mmoja kabla. Mimi sijui mazoezi yanayoweza kumwongezea mtu kilomita 5 kwa juma moja. Meza iliyopangwa inaweza.

Aleksandr Sorokin wa Lithuania alikimbia kilomita 319.614 kwa saa 24 huko Verona mwaka 2022. Wastani wake ni kama kilomita 13.3 kila saa, na kila tonge na kila kikombe vimo ndani ya wastani huo. Hakukuwa na saa iliyosimama ili yeye ale.

Jambo lingine kwenye karatasi hiyo: wastani wa dakika 42 usiufanye kuwa 42 kila raundi. Utachoka, na mpango mzuri unalijua hilo tangu mwanzo. Kwa mfano wetu ningeandika 39, 39, 40, 41, 42, 44, 45, 46. Jumla ni ileile 336. Raundi ya kwanza ikikutoka kwa dakika 33, usifurahi. Umekopa.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ya kutembea na ya kuteremka

Wiki kumi zinamtosha mtu ambaye tayari anakimbia mara tatu kwa wiki. Mbio ndefu ya mwisho wa wiki iongezeke taratibu kutoka saa moja na nusu hadi saa nne, na hiyo ya saa nne iwe kama wiki tatu kabla. Hesabu muda, achana na kilomita. Ukiwa Dar es Salaam nenda vilima vya Pugu. Nairobi kuna Karura kwa siku za kawaida na Ngong kwa siku ya kupanda kwelikweli, ingawa kule juu penye mita 2,460 upepo ni sehemu ya zoezi. Ukiwa Mombasa, Zanzibar au mahali popote palipo tambarare, tafuta ngazi za jengo refu, panda na ushuke kwa nusu saa. Inachosha akili, na hilo nalo ni zoezi la mbio za mzunguko.

Kutembea mlimani ni ufundi. Wakimbiaji wetu wengi wanaona kutembea ni kushindwa, na hiyo imani inawagharimu. Kwenye mwinuko mkali, mtu wa kawaida anayetembea kwa nguvu hupishana kidogo sana na anayejilazimisha kukimbia, wakati moyo wa huyu wa pili unadunda kwa gharama kubwa zaidi. Inama kidogo kutokea kiunoni, piga hatua fupi na za haraka, viganja visukume mapaja juu kidogo ya magoti, macho yaangalie mita tatu mbele. Ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni sahihi. Fanya hivi kwa dakika 20 mfululizo mara moja kwa wiki, na baada ya mwezi utawapita watu wanaokimbia.

Kuteremka ndiko kunakovunja watu, na ndiko watu wasikokufanyia mazoezi. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inanyooshwa. Nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na baada ya masaa kadhaa ya hivyo kila hatua ya kushuka inauma kama kisu. Yule anayelia kwamba kilima kimemmaliza, mtazame vizuri. Mara nyingi anapanda sawasawa, ila anashuka akiwa kaegemea mti.

Habari njema ni kwamba misuli hiyo hujifunza haraka. Zoezi moja la kuteremka kwa bidii, likishakuachia maumivu ya siku mbili tatu, hukukinga kwa wiki kadhaa zijazo. Kwa hiyo weka mazoezi mawili ya mteremko, moja wiki nne kabla na lingine wiki mbili na nusu kabla: tafuta mteremko wa mita 300 hadi 500, shuka ukikimbia, panda ukitembea, rudia mara sita hadi nane. Hatua ziwe fupi na nyingi, mguu utue chini ya mwili, usiurushe mbele na kutua kwa kisigino. Mikono iachie iende pembeni kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Siku kumi za mwisho usishuke kwa kasi tena.

Anayetoka pwani ajue pia kwamba Lushoto iko kwenye kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pumzi itakuwa fupi kidogo raundi za mwanzo. Punguza mwendo, usishtuke.

Hatua ya 4: Utembee mzunguko siku moja kabla

Utembee, usiukimbie. Gawa njia katika vipande na uvipe alama za macho: nafika kwenye mkaratusi uliopasuka naanza kutembea, nafika kwenye mgomba naanza kukimbia, baada ya kijito najiachia. Alama hizi zifuate tangu raundi ya kwanza, hata kama miguu inakuomba ukimbie kote. Ukiacha uamuzi kwa miguu, saa ya nne itakuamulia utembee kila mahali.

Angalia pia udongo. Ule mwekundu wa Usambara ukiwa mkavu ni mzuri kama zulia, ukilowa unateleza na kuganda chini ya soli mpaka kiatu kinakuwa na uzito wa jiwe. Kama mvua imenyesha, viatu vyenye meno marefu ni lazima. Mwezi wa Juni na Julai ukungu wa asubuhi hukaa msituni, na saa 12 kamili bado ni giza chini ya miti, hivyo raundi ya kwanza unahitaji taa ya kichwani na shati la mikono mirefu utakalolivua raundi ya pili.

Njia hizi zina wenyewe. Ni za watu wanaokwenda shamba, kuteka maji na kuleta kuni, sisi ni wapitaji. Aliyejitwika mzigo ana haki ya njia, simama pembeni apite. Na salimia. Kuna mama mmoja hulima kabichi ukingoni mwa mzunguko wetu. Raundi ya kwanza nilimwambia, “Shikamoo mama,” akaitikia, “Marahaba mwanangu, mwakimbilia wapi?” Raundi ya tano akauliza kama bado hatujafika. Raundi ya saba nilimkuta amemhamishia mbuzi wake upande wa juu wa njia, ili kamba isitukate miguu tukishuka. Hakuna mwandaaji aliyemwambia.

Hatua ya 5: Kula kabla hujataka kula

Mwili unaokimbia saa nyingi unahitaji wanga, gramu 30 hadi 60 kila saa, na waliozoea huenda zaidi ya hapo. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ina kama gramu 25. Kiazi kitamu cha kuchemsha, kilichokatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja na kunyunyiziwa chumvi, ndicho chakula changu kikuu. Tende hazina mpinzani kwa urahisi wa kubeba, ila zitoe kokwa nyumbani. Unga wa glukosi kwenye maji husaidia saa za mwisho tumbo linapokataa kutafuna, na soda iliyoachwa wazi usiku kucha mpaka gesi ikaisha inafanya kazi ileile. Chai ya rangi yenye tangawizi na sukari nyingi, ya vuguvugu, imewafufua watu wengi mbele ya macho yangu. Maandazi na chapati yana mafuta, yananikalia tumboni. Wewe jaribu, lakini ujaribu kwenye mazoezi.

Anza kula dakika ya 40, raundi ya kwanza inapoisha, wakati huna njaa hata kidogo. Ukingoja njaa umechelewa. Na panga kula ukiwa unatembea kile kipande cha kwanza cha kupanda. Mzunguko ukianza na kilima kama wetu, hiyo ni zawadi: unabeba chakula mkononi, unatafuna ukipanda, na meza haikuoni tena.

Maji kunywa kwa kiu. Kwa wengi itakuwa kati ya nusu lita na robo tatu lita kwa saa, zaidi jua likiwaka. Wanaokunywa kupita kiasi wako hatarini kama wanaokauka: chumvi ya damu inashuka, na dalili zake ni vidole kuvimba mpaka pete inabana, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Ukimwona mwenzako hivyo usimpe maji zaidi. Mtoe njiani, mpeleke kwa mhudumu wa afya. Kwa chumvi, pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi inatosha sana, nayo unaipata duka lolote la dawa. Ukiikosa, changanya nyumbani vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja. Usizidishe chumvi.

Na nakusihi: usimeze ibuprofen wala diclofenac ili uendelee kukimbia. Figo tayari zina kazi ngumu mtu anapotoka jasho saa sita, na dawa hizo zinaziongezea mzigo. Maumivu yasiyovumilika bila kidonge yanakuambia utoke.

Hatua ya 6: Panga meza na umfundishe msaidizi wako

Meza iwe upande unaopita, baada ya mstari wa kuhesabia, ili ukishahesabiwa usigeuke nyuma. Panga vitu kwa mstari kutoka unakoingia kwenda unakotokea: taka kwanza, chupa, chakula, mafuta ya mgando, soksi, mwisho kabisa kofia au taa. Chupa ziwe mbili. Moja unayo, moja inakusubiri imejaa. Unabadilisha, hujazi. Hiyo peke yake inaokoa dakika moja kila raundi.

Chukua kipande cha boksi, andika kwa kalamu nene muda unaotakiwa kuingia kila raundi, kifunge mguuni mwa meza. Msaidizi asome hapo, asikuulize wewe. Mfundishe maswali mawili tu: umekula? umekojoa? La pili linaonekana la aibu, lakini mtu aliyekimbia saa nne bila kukojoa, au aliyekojoa mkojo wa rangi ya chai, anahitaji kuangaliwa. Swali ambalo haruhusiwi kuuliza ni “unajisikiaje?” Jibu lake ni refu, na linavutwa na kiti.

Kiti chenyewe kiwe cha msaidizi. Mara ya mwisho aliyenihudumia ni mdogo wangu wa kiume. Raundi ya sita niliingia nikamwambia nataka kukaa dakika moja tu. Kiti kilikuwepo, cha plastiki, cha bluu, naye alikuwa amekikalia. Hakuinuka. “Dada, chupa hii. Kiazi hiki, utakula ukipanda.” Alinyoosha mkono akanimwagia kikombe cha maji baridi shingoni, akanigeuza mabega kuelekea njiani. Nilikuwa na hasira naye mpaka katikati ya mikaratusi. Nilipotazama saa, mezani nilikuwa nimetumia sekunde 40.

Kitu kimoja tu kinachostahili kusimama ni mguu. Ukihisi sehemu ya moto ndani ya kiatu, hiyo ni malengelenge yanakuja. Vua, futa mchanga, kausha, paka mafuta ya mgando, badilisha soksi. Dakika nne leo ni nafuu kuliko kuchechemea saa mbili. Kucha zikate siku mbili tatu kabla, na paka mafuta kwapani, kwenye mapaja na popote nguo inaposugua, kabla hujaona mchubuko.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Saa 12 mpaka saa 1 na nusu. Kila mtu anakupita. Waache. Fuata alama zako, tembea pa kutembea, linganisha muda wako na boksi.

Saa 1 na nusu mpaka saa 3 na nusu ndiyo sehemu tamu. Mwili umepata moto, ukungu unaondoka, unaijua kila mizizi. Kishawishi ni kuongeza mwendo. Usiongeze. Kula, kwa sababu hiki ndicho kipindi watu husahau kula wakijisikia vizuri, kisha hulipa saa nne.

Saa 3 na nusu mpaka saa 5 ndipo mbio zilipo. Jua limepanda, mapaja yanaanza kulalamika kwenye mteremko, na mzunguko unapita karibu na gari lako kila raundi. Mbio za kutoka mji mmoja hadi mwingine zinakulazimisha ufike. Za mzunguko zinakupa mlango wa kutokea kila baada ya dakika 40 na kitu. Mimi nina kanuni moja: siamui kuacha nikiwa mezani. Kama nataka kuacha, ninakwenda kuamua kule kileleni, na nikifika kileleni njia ya kurudi ni mteremko tu. Kanuni hii haihusu kizunguzungu, maumivu ya kifua, goti lililovimba au mkojo wa rangi ya chai. Hayo ni ya kutoka mara moja, bila kujadiliana na mtu.

Misuli ikikakamaa, usinyooshe kwa nguvu. Punguza mwendo, kunywa yale maji ya chumvi, tembea kwa dakika tano, kisha anza kukimbia kwa hatua fupi. Joto likizidi, lowesha kofia na shingo kila raundi. Kipande cha barafu ndani ya kitambaa kilichofungwa shingoni kina thamani kuliko chupa ya tatu.

Kuhusu kupishana: kwenye mzunguko wenye kasi na wenye mwendo wa taratibu wako njia moja. Ukisikia hatua nyuma, sogea kushoto. Ukitaka kupita, sema mapema, “Naomba njia, kaka,” na usubiri penye upana. Anayeteremka ndiye mwenye uwezo mdogo wa kusimama, kwa hiyo usikatishe mbele yake.

Hatua ya 8: Uamuzi wa raundi ya mwisho

Ukiingia mezani na muda uliobaki, linganisha na raundi yako iliyotangulia. Usilinganishe na ile ya asubuhi. Raundi iliyopita ilikuwa dakika 46, na sasa ni saa 5 na dakika 12: una dakika 48. Nenda, bila kugusa meza, hata chupa acha. Ukiwa na dakika 43, inawezekana, lakini dakika hizo 3 zitoke kwenye mteremko na tambarare, kwa sababu ukizitafuta kwenye kupanda utafika kileleni huna miguu ya kushukia. Ukiwa na dakika 35 na sheria ni ya raundi kamili, mbio zako zimekwisha, na hakuna ubaya kurudi nyuma mita mia mbili kuwashangilia wanaoingia. Ukiwa na dakika 35 na sheria inapima mpaka ulipofika, kila mita ni yako. Kimbia mpaka honi, simama ulipo, weka alama, subiri mpimaji.

Honi ikishalia usilale chini. Tembea taratibu dakika tano hadi kumi, vua shati lililolowa uvae kavu, maana kule milimani jasho linageuka baridi haraka hata saa sita mchana. Kunywa chai, kula kitu chenye wanga na protini ndani ya saa moja, uji wa maziwa na mayai ya kuchemsha ni sawa kabisa. Usiendeshe gari mwenyewe kushuka zile kona za kuelekea Mombo, miguu itachelewa kwenye breki. Kesho yake na keshokutwa ngazi utazishuka kinyumenyume. Kisha fungua kamba za viatu, na mwambie msaidizi wako sasa akupishe kwenye kile kiti.